Nyumba ya Duchesse Anne, Morlaix: ukumbi, ngazi na maji ya mvua

Mjini Morlaix, katika jimbo la Finistère huko Bretagne, Ufaransa, barabara ya rue du Mur ina nyumba ya mbao iitwayo Nyumba ya Duchesse Anne. Anne, mtawala (duchesse) wa Bretagne, alipita Morlaix mwaka 1505 akiwa katika hija, akafariki Januari 1514. Nyumba ni ya baada yake, kazi ya nusu ya kwanza ya karne ya 16, kwa hiyo hakuwahi kulala humo. Jina limebaki, na huenda limeikinga, maana watu huona haya zaidi kubomoa nyumba yenye jina la mtawala kuliko duka la mfanyabiashara wa kitani. Thamani yake halisi iko kwingine: katika mpango wa ndani ambao umekuwa alama ya Morlaix, na ambao umebaki mzima katika nyumba chache sana.

Tunaichambua hapa kama kisa cha ukarabati. Tuna nyumba inayolindwa na sheria, mwaloni wa miaka karibu 500, mvua ya Atlantiki isiyoisha, na nafasi moja ya katikati ambayo ikiharibiwa jengo zima linabaki ganda. Msimamo wetu ni kwamba ukumbi, ngazi na kuta zinazovishika ndivyo vinavyotangulia katika kila uamuzi, na uso wa barabarani unafuata. Miradi mingi ya nyumba za mbao hufanya kinyume, kwa sababu uso ndio unaoonekana na ndio unaopigwa picha.

Jinsi nyumba inavyosimama

Morlaix ilitajirika kwa kitani. Vitambaa vilivyofumwa vijijini vilishushwa hadi bandari hii, ambako maji ya bahari hupanda mpaka ndani ya mji, kisha vikasafirishwa Uingereza na Hispania. Mwaka 1522 Waingereza waliuvamia mji, wakaupora na kuuchoma. Mwaka 1542 ulianza ujenzi wa ngome ya Château du Taureau kwenye mdomo wa ghuba, ili jambo hilo lisijirudie. Miongoni mwa waliojenga upya walikuwamo makabaila waliojiingiza katika biashara, na desturi ya Bretagne iliwaruhusu: ukabaila wa mtu ulihesabiwa kuwa umelala muda wote anaouza na kununua, ukaamka siku anayoacha. Mpango wa nyumba unaeleweka ukilijua hilo. Mbele, chini, pana duka. Nyuma ya duka pana ukumbi wa kikabaila wenye meko makubwa ya graniti, uliobanwa ndani ya kiwanja chembamba cha mjini.

Ukumbi huo hauna dari. Uko wazi toka sakafuni hadi paani, na mwanga unaingia kwa juu. Upande wa barabara pana jengo la vyumba, na upande wa ua pana jingine. Kwenye pembe ya ukumbi ngazi ya mwaloni inapanda kwa kuzunguka, karibu mita 11, na kwenye kila ghorofa inatoa roshani nyembamba inayopita juu ya ukumbi kuunganisha vyumba vya mbele na vya nyuma. Roshani hizo wenyeji huziita pondalez, na nyumba za namna hii huitwa kwa jina hilo. Nguzo ya ngazi imechongwa sanamu za watakatifu, na kingo za roshani nazo zimejaa nakshi. Kwa kazi ya useremala ya zama hizo, ni vigumu kupata kitu kilichotimia zaidi ya hiki.

Mzigo unashuka kwa njia tatu. Kuta za pembeni ni za mawe, nazo ndizo zinazobeba boriti kuu. Juu ya boriti hizo hulala miti midogo ya sakafu, ambayo ncha zake huchomoza nje upande wa barabara, na uso wa ghorofa ya juu husimama juu ya ncha hizo. Uzito unaokandamiza ncha kwa nje husaidia kuzuia sakafu isilegee katikati ya chumba. Kwa hiyo mti wa sakafu ukiukata mahali pasipofaa, kwa mfano ili kupitisha bomba la choo, hujadhoofisha sakafu peke yake. Umeondoa pia kilichokuwa kikiushika uso wa juu. Njia ya tatu ni ngazi. Nguzo yake hushusha uzito ardhini, lakini roshani zimeshikwa pia na majengo ya mbele na ya nyuma. Jengo la mbele likiinamia barabarani, roshani huvutwa, na ndimi zake, yaani ncha zilizochongwa ziingie katika matundu ya miti mingine, huanza kutoka tunduni.

Ndiyo maana mkaguzi mzuri haanzii barabarani. Hupanda ngazi akiwa na tochi na kutazama viungo vya pondalez kimoja kimoja. Mbao safi, isiyo na vumbi wala moshi wa kale, ikionekana kwenye kiungo, ujue kimetoka karibuni. Kilichotoka zamani kina rangi ile ile ya mbao nyingine.

Uso nao hauonekani wote. Nyumba nyingi za mbao za Morlaix zimevikwa vigae vya jiwe la sleti vilivyopigiliwa ukutani ili kuzuia mvua. Ni kinga nzuri sana, na pia ni pazia: mbao iliyo nyuma yake inaweza kuoza miaka mingi bila dalili. Uvaaji huo hufunguliwa kwa vipande, mahali penye shaka tu. Kuuvua wote ili mbao zionekane na kupendeza ni kosa la upande wa magharibi hasa, unaopigwa na mvua.

Maji huingilia wapi

Jengo la mbele, jengo la nyuma na ukumbi katikati: mpango huo unazaa mapaa yanayokutana ndani ya nyumba, na yanapokutana panahitajika mfereji. Mfereji wa nje ukiziba, maji humwagika barabarani na jirani analalamika. Mfereji wa ndani ukiziba, maji huingia kwenye vichwa vya boriti ndani ya ukuta wa mawe, mahali pasipo hewa, na hakuna anayeona. Majani, kinyesi cha njiwa na kigae kimoja kilichovunjika vinatosha. Dirisha la paani juu ya ukumbi lina tatizo lake: usiku wa baridi hewa yenye joto hupanda, hugusa kioo, hugeuka maji na kudondokea kingo za ngazi. Wengi hudhani paa linavuja, wakabadilisha vigae, na maji yakaendelea.

Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ikivuka hapo na kubaki hapo, Bretagne ina adui anayeogopwa kuliko wote: mérule, kuvu ambaye jina lake la kisayansi ni Serpula lacrymans. Hupenda giza, hewa iliyotuama na joto la kati, na ana uwezo wa kupitisha nyuzi zake ndani ya ukuta wa mawe akitafuta mbao upande wa pili. Mbao aliyoila hukauka na kugawanyika vipande vya mraba vyenye rangi ya kahawia. Sheria ya Ufaransa ya 24 Machi 2014 inamlazimu mkaaji wa nyumba, na asipokuwapo mkaaji basi mwenye nyumba, kutoa taarifa kwa ofisi ya meya mara anapogundua mérule. Bungua naye huja palipo na unyevu. Bungua mkubwa wa mwaloni hutoboa mashimo ya milimita 2 hadi 4, na mara nyingi hukaa kwenye vichwa vya boriti ambavyo kuvu amekwisha vilainisha. Mashimo ya kale hayamaanishi kitu. Unga mpya unaoanguka juu ya karatasi uliyoitandaza majira ya kuchipua ndio unaomaanisha.

Kisha kuna saruji. Karne ya 20 ilipaka lipu ya saruji kwenye nyumba nyingi za mbao za Ulaya, ikajaza pia nafasi kati ya miti. Mbao hupanuka na kusinyaa, saruji haifuati. Ufa mwembamba hutokea pale mti na lipu vinapokutana, mvua inayopigwa na upepo huingia humo, na saruji haiiruhusu kutoka. Ukibandua lipu ya namna hiyo mara nyingi utakuta uso wa mti mzima na mgongo wake unga.

Kabla ya kugusa chochote: sheria

Nyumba ya Duchesse Anne imo katika orodha ya majengo ya kihistoria tangu 1883. Wakati huo orodha haikuwa na nguvu kubwa kwa mali ya mtu binafsi. Sheria ya kwanza ilikuja 30 Machi 1887, nayo ilihitaji ridhaa ya mwenye mali. Ni sheria ya 31 Desemba 1913 iliyoiwezesha serikali kuorodhesha jengo hata mwenyewe akikataa. Leo masharti yote yamo katika Code du patrimoine, mkusanyo wa sheria za urithi.

Ufaransa ina ngazi mbili za ulinzi, na kuzichanganya huleta hasara. Jengo lililo *classé*, ngazi ya juu, kama hili, haliombewi kibali cha kawaida cha ujenzi. Kazi yoyote inayozidi matunzo ya kila siku huombewa idhini maalumu ya serikali kupitia DRAC, idara ya utamaduni ya mkoa, ambayo kwa Bretagne iko Rennes. Jengo lililo *inscrit*, ngazi ya chini, hupitia kibali cha kawaida lakini DRAC lazima ikubali. Nyumba ya jirani isiyo na ulinzi wowote wa kwake nayo haiko huru: tangu sheria ya 25 Februari 1943, eneo la mita 500 kuzunguka jengo la kihistoria linasimamiwa na mbunifu wa serikali aitwaye Architecte des Bâtiments de France, isipokuwa mahali ambapo mpaka maalumu umechorwa badala ya duara hilo.

Faili la idhini linahitaji maelezo ya kazi, uchunguzi wa hali ya jengo, michoro ya sasa na ya baadaye, na picha. Serikali ina miezi 6 kuamua baada ya faili kukamilika. Mbunifu anayesimamia ukarabati wa jengo *classé* lazima awe na sifa zinazotambuliwa kwa kazi hiyo; mbunifu wa nyumba za kawaida hatoshi, hata awe hodari. Jambo linalowaumiza wenye mali mara nyingi zaidi ni fedha: ruzuku huombwa kabla kazi haijaanza. Ukianza kwanza, hata kwa nia njema, umeipoteza. Anayetaka kupunguziwa kodi ya mapato kwa gharama za ukarabati naye anaahidi kubaki na jengo miaka 15 tangu alipolipata.

Rangi ya zamani ichunguzwe tabaka kwa tabaka kabla ya kukwangua. Nakshi za karne ya 16 zilipakwa rangi, na mabaki yake hukaa kwenye mikunjo ya nguo za sanamu. Uchunguzi huo huo huonyesha risasi, kwa maana rangi za kale zimejaa madini hayo, na seremala anayepiga msasa bila kinga huivuta kifuani.

Mpangilio wa kazi

Mwaka mmoja wa kupima kabla ya kazi si mwaka uliopotea. Kila mti huchorwa na kupewa namba. Mchoro wa jumla huwa wa kipimo cha 1/50, na viungo 1/10. Vipimo vya nyufa hubandikwa na kusomwa kila mwezi, kwa sababu mwaloni husogea na majira, na ufa unaofunguka kiangazi ukajifunga masika si ugonjwa. Unyevu hupimwa kwa sindano ndani ya mti, hasa vichwani mwa boriti. Kugusa juu juu hakusemi kitu.

Kazi yenyewe huanzia juu. Paa na mifereji kwanza, na kwa mifereji ya ndani tungependekeza risasi au zinki yenye mlango wa akiba: tundu la pili, juu kidogo ya la kwanza, linalomwaga maji nje mahali yanapoonekana la kwanza linapoziba. Sleti hushikwa kwa misumari ya shaba au ndoano za chuma kisichoshika kutu. Hakuna sababu ya kutengeneza mti mmoja chini kabla maji hayajafungwa juu, na bado hili hufanyika kila mara kwa sababu fedha za mwanzo huelekezwa kwenye uso.

Baada ya maji kufungwa, jengo huegemezwa na kuachwa likauke. Hapa uvumilivu unahitajika. Ukuta wa mawe uliolowa hukauka kwa miezi mingi, na mbao mpya ikipachikwa kwenye ukuta uliolowa itaoza kama ya kwanza.

Ndipo seremala anapoingia. Mti unaooza nchani hukatwa ncha tu, na kipande kipya huungwa kwa kiungo kirefu cha mshazari chenye meno na kabari, kinachoitwa na maseremala wa Ufaransa *trait de Jupiter*. Urefu wa kiungo uwe mara 3 hadi 4 ya kimo cha mti: boriti ya sentimita 25 inataka kiungo cha sentimita 75 hadi 100. Kifupi zaidi ya hapo kitafunguka. Pini ni za mwaloni mkavu, kipenyo cha milimita 20 hivi, na tundu la ulimi husogezwa milimita 2 au 3 kuelekea bega ili pini inapopigwa ikivute kiungo kikaze. Chuma cha kawaida hakifai humu, kwa kuwa asidi ya mwaloni hukila na kutu hupasua mti. Palipo lazima, tumia chuma kisichoshika kutu.

Mbao mpya ina shida isiyo na jibu kamili. Mwaloni hukauka hewani kwa kadiri ya mwaka mmoja kwa kila sentimita ya unene, kwa hiyo nguzo ya sentimita 25 iliyokauka kweli haipatikani dukani. Uchaguzi ni miwili: mbao za zamani zilizookolewa kwingine, ambazo lazima zichunguzwe kwa bungua, au mbao mbichi kiasi, ukikubali kwamba itasinyaa na kupasuka. Tungechagua ya pili kwa nguzo za uso, upande unaotarajiwa kupasuka ukielekezwa ndani, na ya kwanza kwa chochote kinachogusa ngazi, kwa maana roshani haiwezi kuvumilia kiungo kinachosinyaa milimita kadhaa.

Jeki hutumika kupunguza uzito, si kunyoosha nyumba. Milimita 2 au 3 zinatosha kuutoa mzigo kwenye mti unaobadilishwa. Nyumba iliyoinama kwa karne kadhaa imepata mizani yake, na milango, sakafu na roshani zimeifuata. Anayejaribu kuirudisha wima huvunja ndimi ndani ya matundu, na uharibifu huo hauonekani mpaka miaka inayofuata.

Mérule ikipatikana, mbao iliyoathirika hukatwa hadi mita moja zaidi ya dalili ya mwisho, lipu hubanduliwa kwa kiasi hicho hicho, na ukuta hutobolewa na kutiwa dawa. Sheria hiyo ya mita moja haiwezi kutumika kwenye nguzo ya ngazi yenye sanamu. Hapo hukaushwa, hewa hupitishwa, na unyevu husomwa kwa miaka. Gundi za kuimarisha mbao tungeziweka mwisho kabisa, kwa nakshi tu, kwani hufunga unyevu ndani kama saruji ilivyofanya nje.

Nafasi kati ya miti hujazwa udongo na majani makavu juu ya fito, au chokaa na katani, kisha lipu ya chokaa ya hewa, inayoganda kwa hewa tu, au chokaa hafifu ya NHL 2 (NHL ni chokaa asilia inayoganda hata penye maji). Kwa maungio ya graniti NHL 3,5 inafaa, sehemu moja ya chokaa kwa sehemu mbili na nusu hadi tatu za mchanga. Chini ya nyuzi 5 za joto kazi husimama. Lipu iishie sawa na uso wa mti au ndani yake kidogo, isiufunike, na rangi iwe ya chokaa au ya mafuta ya kitani.

Moto na wageni

Ukumbi ulio wazi hadi paani ni dohani. Moto ukianzia dukani hufika juu kabla watu wa ghorofa ya pili hawajaamka, na ngazi pekee ya kutokea iko ndani ya ukumbi huo huo. Kwa hiyo vigunduzi vya moshi ndivyo vifaa vya kwanza vya kisasa tungeviruhusu. Vile vinavyovuta hewa kwa mirija myembamba hufichika vizuri nyuma ya mbao. Wakati wa ukarabati, kazi ya moto, kama kulehemu risasi ya mifereji, isimame saa mbili kabla ya mafundi kuondoka, na mtu abaki akilinda.

Uzito nao una mpaka. Vipimo vya Ulaya kama vinavyotumika Ufaransa huitaka sakafu ya nyumba ya kuishi ibebe takriban kilo 150 kwa mita ya mraba, na ya makumbusho takriban 400. Kuifikisha pondalez kwenye kipimo cha pili kungehitaji chuma ambacho kingeiua. Bora kupunguza watu: kundi dogo, na hakuna kusimama kwenye roshani kusikiliza mwongozaji. Nyumba ya pili ya mpango huu, namba 9 Grand'Rue, ambayo makumbusho ya Morlaix huifungua kwa wageni, inafaa kutembelewa na yeyote anayepanga kazi kama hii, kwa kulinganisha.

Joto la ndani pia ni mzigo. Ukumbi uliozoea baridi ukiwashiwa hita kali Desemba, unyevu wa hewa huporomoka na nguzo iliyochongwa hupasuka. Asilimia 50 hadi 65, ikibadilika polepole, ndiyo shabaha. Vyumba vya mbele vinaweza kuwekewa nyuzi za mbao za kuzuia baridi, sentimita chache, bila karatasi ya plastiki.

Kilichopo London

Victoria and Albert Museum inayo ngazi kutoka nyumba ya Grand'Rue, Morlaix, waliyoipata mwaka 1909. Ni kazi bora, imetunzwa vizuri, na mwanafunzi wa nakshi atajifunza mengi mbele yake. Lakini roshani zake haziendi chumba chochote. Mtu hawezi kuelewa kwa nini zimewekwa kimo kile, wala mwanga ulizifikiaje, wala mwenye duka aliwaonaje watu wake akiwa mekoni. Hoja kwamba ngazi inaweza kuokolewa peke yake bado hutolewa nyumba inapokuwa mbovu sana. Tunaikataa, na sababu ni hiyo.

Kazi ikiisha, msimamizi hukabidhi DRAC faili la kumbukumbu: kilichobadilishwa, mti wa namba gani, mbao ilitoka wapi, chokaa gani, picha za kabla na baada. Wengi huliandika haraka mwishoni ili walipwe. Liandikwe jukwaa likiwa bado limesimama, kwa sababu kiungo kikishafunikwa hakuna atakayejua kama pini ni tatu au nne. Nakala moja ibaki kwa mwenye nyumba, pamoja na kalenda fupi: mifereji ya ndani husafishwa mwishoni mwa Novemba majani yakiisha kuanguka, na tena Machi; sleti hutazamwa baada ya kila dhoruba; vichwa vya boriti hupimwa unyevu mara moja kwa mwaka, mahali pale pale, kwa kifaa kile kile. Matunzo ya namna hii hayahitaji idhini ya mtu.